Kamba ya Baba Mkwe: Safari ya Kutafuta Tairi za Trekta

Niliondoka nyumbani nikiwa na hasira, na sitaificha. Trekta la baba mkwe lilikuwa limesimama juu ya mawe tangu mavuno, tairi zote mbili za nyuma zimepasuka, na wanaume wa boma letu walikuwa wakilizunguka kila jioni wakibishana nani aende kutafuta nyingine. Walibishana mpaka mawingu yakaanza kushuka kutoka milima ya Nyandarua. Ndipo nikasema nitaenda mimi.

Nieleze kwa nini. Shamba letu liko karibu na Mweiga, na tulilipata wazungu walipoondoka. Baba mkwe alikuwa dereva wa mzungu mmojawapo, na siku mali ilipouzwa yeye hakutaka ng'ombe wala kitanda, alitaka lile trekta la kijivu alilokuwa ameliendesha tangu ujana. Shamba akawagawia wanawe wawili. Wachira, yule mkubwa, ana maksai, kwa hiyo kipande chake kilikuwa kimelimwa zamani. Kipande chetu kilikuwa nyasi tupu, zile za kushikana kama mkeka, ambazo jembe likizipiga linarudi. Mume wangu yuko Nakuru kwenye kazi ya reli na huja akipewa ruhusa. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Nilimwomba Wachira maksai, akaniambia wamechoka.

Kisha baba mkwe akatangaza mbele ya wote kwamba mvua ikianguka kabla kipande hakijageuzwa, anayeweza kukilima akichukue. "Ardhi si ya kuangaliwa," alisema. Wachira akakohoa kidogo, akaangalia viatu vyake. Nilikijua kile kikohozi.

"Na nikileta tairi?" nikauliza.

"Ukileta tairi nitakulimia mwenyewe," baba mkwe akasema. "Lakini zilingane na rimu. Tairi isiyolingana ni takataka."

Basi nikauza mtamba wangu, yule niliyepewa na mama yangu nilipoolewa. Mtamba mwingine sikuwa nao, kwa hiyo kukosea hakukuwezekana.

Siku moja kabla ya kuondoka tulipima. Ubavuni mwa tairi kuukuu kulikuwa na nambari mbili. Ya kwanza, kumi, ilisomeka. Ya pili ilikuwa imeliwa na jua. Nilisugua kwa majivu na kitambaa kibichi nikaona mviringo mwishoni, ungeweza kuwa nane, ungeweza kuwa sufuri. Ishirini na nane au thelathini, sikujua. Rimu yenyewe ilikuwa kutu tupu. Baba mkwe akasema hayo ni mambo ya shule, akachukua kamba ya katani, akanipa ncha moja niishike kwenye ukingo wa rimu, naye akavuta ya kwake mpaka ukingo wa upande wa pili, akafunga fundo.

Mimi nilikuwa nimeinama pale na macho yangu yaliona kitu. Ukingo umesimama nje, lakini tairi imeingia ndani zaidi, imekaa chini ya ukingo ambapo hatupaoni.

"Baba," nikasema, "hapa tairi inaonekana kama imekaa ndani..."

"Shika kamba."

Nikashika kamba. Kwetu mke wa mwana hambishii baba mkwe, na jina lake halitamki. Hata mtoto wangu mvulana, ambaye kwa desturi yetu amechukua jina la babu yake, mimi humwita Guka tu, yaani babu, nisije nikamtaja mzee. Mama mkwe ndiye mwenye uhuru. Akimkasirikia mzee humgeukia mtoto na kumwambia, "Wewe mzee, chakula changu kimekushinda leo tena?" Mzee husikia, na hana la kujibu, kwa sababu aliyeambiwa ni mtoto.

Asubuhi ya safari nilipanda lori la maziwa linalopita barabarani kwetu kwenda Nyeri. Dereva alinifungulia mlango wa mbele kwa sababu ya mtoto.

"Unapeleka huyu hospitali?"

"Naenda kununua tairi za trekta."

Akaniangalia, akaangalia barabara, akaniangalia tena. "Bwana yako amekufa?"

"Yuko Nakuru."

"Afadhali," akasema, akakanyaga mafuta. Debe za maziwa ziligongana nyuma yetu njia yote. Kila nilipotazama upande wa Nyandarua niliona wingu limeshuka kidogo zaidi, na nilikuwa na ile kamba nimeizungusha mkononi kama bangili, naishika kila mara nijue bado ipo.

Nyeri nilishuka saa nne nikaenda moja kwa moja kwenye duka la vipuri la Mzee Ratilal, Mhindi ambaye wakulima wote wa upande wetu humjua. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta anakunywa chai kwenye kisahani. Nikamweleza, nikaweka kamba mbele yake. Hakuigusa.

"Mama, tairi kwenda na namba. Hapana kwenda na kamba."

"Namba ya kwanza ni kumi. Ya pili imefutika."

"Sikia. Namba ya kwanza ni unene. Hii naweza kusamehe kidogo. Kumi, kumi na moja, hapana shida. Namba ya pili ni tundu, pale tairi nakalia rimu. Tundu hapana samehe mtu." Akachukua futi akanyoosha kamba yangu juu ya kaunta. "Hii inchi thelathini. Nani alipima?"

"Baba mkwe."

"Alipima wapi?"

"Kwenye rimu."

"Rimu wapi? Ndani? Nje?"

Niliona ule ukingo tena, na ule mkono wa mzee ukivuta. Ningeweza kusema nje. Lakini nje na ndani kuna tofauti gani, vidole viwili? Na mimi ni nani, trekta sijawahi hata kulipanda, na yeye ameliendesha tangu kabla sijazaliwa. Nikasema, "Kwenye rimu tu."

Ratilal akainua mabega. "Mimi hapa hapana ona trekta yako. Na tairi hiyo hapana hapa, thelathini hapana, ishirini nane hapana. Enda Karatina. Kama Karatina hapana, enda Kutus, kule kwa mpunga trekta mingi." Akamtazama mtoto. "Huyu naitwa nani?"

"Guka."

"Guka," akamwambia, "wewe angalia mama yako. Yeye najua kitu, hapana sema."

Nilitoka pale nimekasirika. Sikupenda kusomwa usoni kama ubao.

Mchana nilikuwa Karatina. Nilimnyonyesha mtoto kwenye kivuli cha ukuta wa soko huku nikiuliza kila mpita njia, mpaka mama mmoja wa viazi akanielekeza kwa kijana anayeitwa Njogu, muuza tairi kuukuu nyuma ya soko. Na kweli, zilikuwa zimeegemea ua wake, tairi mbili kubwa za nyuma, meno bado yamesimama. Ubavuni zimeandikwa wazi: kumi na moja, thelathini.

Njogu alichukua kamba yangu kabla sijamaliza salamu, akaiweka katikati ya tundu. Fundo likagusa upande wa pili sawasawa.

"Umeona? Kama pete na kidole. Mama, Mungu amekuonea huruma leo. Lete pesa nikuitie mkokoteni."

Watu wawili waliokuwa wamesimama pale wakasema ni kweli, zimelingana. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye kitambaa nilichofungia pesa. Na hapo hapo mkono ukakataa kutoka. Kama kamba ilipimwa nje ya rimu, na hapa inalingana na ndani ya tairi, basi tairi hii itaingia kwenye rimu kama gunia juu ya kijiti. Lakini kama mimi ndiye nimekosea, na rimu ni thelathini kweli, nikiondoka hapa nimejinyang'anya shamba kwa mkono wangu.

"Niwekee mpaka kesho," nikasema.

"Kesho?" Njogu akacheka. "Kuna mzee wa Mukurweini amezitazama asubuhi. Akirudi anaondoka nazo. Ati unangoja nini? Unataka zikuimbie?"

"Sina hakika na tundu."

"Kamba imesema ndiyo, watu wamesema ndiyo. Wewe peke yako ndiye unasema sijui. Si uniletee mwanaume wako tuongee?"

Kama asingesema hilo la mwisho, pengine ningenunua. Nilifunga kitambaa changu, nikamwambia mwanaume wangu huyu hapa mgongoni na hajui kusoma bado, nikaenda stendi. Hasira ilinitoa pale kwa Njogu, lakini kwenye basi hasira ikaisha na nikabaki na woga peke yake.

Njia ya kwenda Kutus inateremka. Tulipita Sagana, tukapinda, na joto likaanza kuingia dirishani. Udongo mwekundu ukageuka mweusi, na mbali kidogo maji ya mashamba ya mpunga yakaanza kumetameta. Nyuma yetu mlima Kenya ulikuwa umejifunika mpaka kiunoni. Mama aliyekaa karibu nami akasema, "Huko juu kesho kutwa ni mvua," kwa furaha kabisa, maana alikuwa na mbegu miguuni. Nilitaka kumwambia anyamaze.

Jioni nilifika kwa tata Wanjira, dada mdogo wa mama yangu, anayeishi nyuma ya soko la Kutus na kuuza maharagwe. Alinipokea kwa kelele, akamnyang'anya mtoto, akanipa uji, na nilipomweleza shida yangu akakaa chini na kutazama kamba kwa muda mrefu.

"Sasa wewe uliona mzee anapima vibaya?"

"Niliona. Au nadhani niliona."

"Na ukanyamaza."

"Tata, ni baba mkwe."

"Najua ni baba mkwe. Mimi pia niko na wangu, amenipima miaka yote hiyo na hajawahi kupata kipimo." Akacheka, kisha akamnyanyua mtoto akamtazama usoni. "Guka, mwambie mama yako aache kulia juu ya kamba. Kesho atafute rimu iliyo uchi, isiyovaa tairi, iliyoandikwa nambari yake. Aweke kamba nje, aweke ndani. Si ataona?"

"Nililitaka hilo," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja Kutus. Kule Karatina hapakuwa na rimu."

"Basi kula."

Asubuhi tulienda pamoja kwenye uwanja wa bwana mmoja, Baba Micere, ambaye hununua vyuma vya matrekta yaliyozeeka kwenye mpunga. Mtu mnene, mchangamfu, na hajali kitu. "Chagua mama, mimi kazi yangu ni kuuza," alisema. "Ikikuingia ni sawa, isipokuingia urudi nikuuzie ingine." Nilimwambia sitaki tairi kwanza, nataka rimu ya nyuma isiyo na tairi, yenye nambari inayosomeka. Akamwita mfanyakazi wake wakaiviringisha mpaka mbele yangu. Tulipangusa. Ilikuwa imepigwa muhuri: ishirini na nane.

Nilimpa tata ncha moja ya kamba. "Shika hapo kwenye ukingo, nje kabisa."

Akashika. Nikavuta. Fundo la baba mkwe lilikuja likatua juu ya ukingo wa pili, pale pale, bila kuzidi wala kupungua.

"Sasa shusha ndani, pale tairi inapokaa."

Tukashusha. Kamba ikalegea, ikaning'inia katikati kama tumbo la ng'ombe mzee. Ilikuwa imezidi kwa vidole viwili vipana.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Sikulia, ingawa tata husimulia kwamba nililia. Rimu yenye fundo lile ni ishirini na nane. Ule mviringo niliousugua kwa majivu ulikuwa nane. Na mimi nilikuwa nimebakisha kidogo sana Karatina niache pesa za mtamba wangu kwa Njogu.

"Sasa nauza lini?" Baba Micere akauliza. "Ama umekuja kuchezea chuma?"

Alikuwa na tairi mbili, kumi na moja kwa ishirini na nane. Kumi na moja badala ya kumi. Nikakumbuka Ratilal, unene unasameheka kidogo. Nilizikagua meno, nikaingiza mkono ndani nikitafuta ufa, nikampa pesa. Tata alimbishia mpaka akaongeza tyubu mbili zenye viraka.

Saa sita tulipata lori la mchele linalokwenda Nyeri, tairi zikapandishwa juu ya magunia. Tulipofika Karatina nilimwomba dereva apitie nyuma ya soko. Ua wa Njogu ulikuwa mtupu. Thelathini zilikuwa zimekwenda. Sasa hapakuwa na njia nyingine kama nimekosea, na ingawa nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwenyewe, niliipima ile kamba kichwani mara nyingi mpaka Nyeri. Je, kama kamba ya katani hujivuta ikipata joto? Je, kama nilishika ncha vibaya siku ile nyumbani? Mtu mwenye woga hupata maswali bila kutafuta.

Kutoka Nyeri lori la maziwa lilinirudisha na debe tupu. Dereva yule yule. Alipoziona tairi akashuka mwenyewe kusaidia kuzipakia. "Kumbe ulikuwa unasema kweli," akasema.

Nyumbani nilifika kabla jua halijazama. Upepo wa mvua ulikuwa umeshaanza, ule wa baridi unaogeuza majani ya viazi. Baba mkwe alikuwa kando ya trekta. Mama mkwe alitoka jikoni akifuta mikono. Wachira alikuwa amekaa juu ya nira ya maksai wake, na nira ile alikuwa ameitoa zizini kuileta karibu na kipande chetu. Sikumuuliza kwa nini.

Baba mkwe hakusalimia. Alinyoosha mkono nikampa kamba, akaiweka kwenye tundu la tairi mpya. Kamba ikazidi.

"Umeleta ndogo," akasema.

"Baba, nilipima kwenye rimu..."

"Nimesema ndogo. Kamba iko hapa. Mambo ya shule haya. Hatutafungua chochote."

Wachira akasimama, akajinyoosha. "Basi baba, mvua haingoji mtu. Kesho asubuhi mimi nitaingiza maksai."

Baba mkwe alikuwa amenipa mgongo. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa na kila nilichofundishwa tangu utotoni. Ndipo nikafungua shuka, nikamtoa mtoto mgongoni, nikamsimamisha mbele yangu kwa kumshika kwapa, na nikamwita kwa jina lake. Sikuwa nimewahi kulitamka kwenye boma lile.

"Nderitu," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Nderitu, mimi ni mama yako, nisikilize. Uliposhika ile kamba uliivuta juu ya ukingo. Tairi haikai juu ya ukingo. Inakaa ndani, na wewe hukupaona kwa sababu tairi kuukuu ilikuwa imepaziba. Toa hiyo kuukuu uweke kamba mahali ilipokuwa imekaa. Ikilingana na fundo lako, mimi nitarudi kwetu. Isipolingana, utanilimia shamba langu."

Mtoto alikuwa ananitazama mdomo wazi, mate yakimdondoka.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Alikuja akachuchumaa mbele ya mtoto, uso wake mkavu kabisa. "Haya, jibu, Nderitu. Mama yako anakuongelesha. Ama masikio yamebaki kwa mzungu?"

Baba mkwe akasema, bila kumtazama mtu, "Leteni taimbo."

Walifungua tairi kuukuu, yeye na Wachira, ambaye hakuwa na la kufanya ila kushika taimbo aliloambiwa ashike. Mpira ulikuwa umeshikana na chuma, ukatoka kwa kulia. Baba mkwe akapangusa kutu kwa mkono wake, akashusha kamba ndani pale tairi ilipokuwa imekaa, akanipa mimi ncha moja. Safari hii alingoja mpaka nikasema nimeshika. Akavuta. Kamba ikalegea kwa vidole viwili.

Akaitazama. Akafungua fundo lake kwa meno, akafunga jingine mahali palipostahili, akaweka kamba kwenye tairi mpya. Ikalingana. Kisha akainama kwa mtoto, ambaye sasa alikuwa amekaa kwenye nyasi anakula jani.

"Nderitu," akamwambia, "siku nyingine mama yako akisema, uache kuvuta kwanza."

Tulipaka maji ya sabuni, tairi ikaingia rimu ya kwanza kwa taimbo mbili, ya pili kwa taimbo mbili na matusi. Alfajiri trekta lilishuka kutoka juu ya mawe likaanza kugeuza zile nyasi, na mzee alikuwa juu yake wima kama alivyokuwa ujanani, naamini. Matone ya kwanza yalianguka mistari ya mwisho ikiwa bado haijakatwa. Hakusimama. Alimaliza kwenye mvua, amelowa, na mimi nilikuwa nyuma yake na viazi vya mbegu kwenye karai. Wachira alirudisha nira zizini.

Mnaosoma haya mkiwa na trekta kuukuu, nawaambia mpime pale tairi inapokaa. Hilo ni rahisi. Lililonichukua mpaka Kutus na kurudi ni kwamba nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza, nimeinama, ncha ya kamba mkononi, nikaambiwa nishike nikashika. Kamba bado naishika nikiitwa. Lakini sasa namweka mtoto karibu.